Viatu Kwenye Kiraka

Mwenzenu nimeadhirika. Ninasimamia gesti hapa Tukuyu, na mvua za huku zimetoboa lami ya maegesho yetu. Fundi alishauri tuibandue yote. Mimi bosi nikachagua viraka, magari ya wageni yasisumbuliwe.

Kiraka cha mwisho kilikuwa bado laini baba mkwe alipoingia getini na mkungu wa ndizi. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe, kwa hiyo nikakimbilia nyuma ya pikapu ya mgeni. Viatu vikanasa kwenye lami. Kisha pikapu ikaondoka.

Nilibaki wazi mbele ya mafundi wote. Mzee alikuwa ameshageukia ukuta.

“Mwambieni mwanangu avivue tu,” akasema taratibu. “Mimi nimeleta ndizi, sijaona mtu.”