Kikao Katikati ya Filamu

Filamu ya mdogo wangu inakaribia saa mbili, na yanayotokea ndani yake ni haya: mzee anapika ndizi, kijana wake anaondoka nyumbani, mzee anakula ndizi peke yake, mzee anapika ndizi nyingine. Basi. Hakuna anayepigwa, hakuna anayerogwa, hakuna mama mkwe anayetia sumu kwenye chai. Mara ya kwanza nilipoitazama kwenye kompyuta yake, niliinuka nikaenda jikoni kukaanga sato, nikarudi na sahani yangu, na yule mzee bado alikuwa ameshika kisu kilekile na ndizi ileile. Nikamwuliza mdogo wangu kama mashine imeganda. Alininunia siku nzima.

Nasema haya kwa upendo. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfuta kamasi, na mtu mwingine yeyote akiisema vibaya filamu yake nitamvaa hapohapo. Lakini mimi ni mtu wa biashara, nauza vitenge, na mteja akisimama mbele yangu muda mrefu hivyo bila kusema kitu huwa namwuliza kama anaumwa.

Kabla ya filamu alikuwa mwalimu wa hisabati, kazi aliyoichagua baba. Baba naye alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, Mhaya wa kimya, mtu ambaye neno lake moja ni hotuba. Mdogo wangu alipoacha kazi na kutangaza kwamba anakwenda kutengeneza filamu, baba hakugomba. Asubuhi ya kuondoka, kijana alisimama uani na begi lake akisubiri hata safari njema. Baba akamtazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu siku ile walizungumza kupitia kwangu. Mdogo wangu alipanga chumba Buhongwa, upande wa pili wa jiji la Mwanza, na Jumapili alikuwa anakuja nyumbani Pasiansi kula. Wamekaa meza moja, sahani zao zinakaribia kugusana, halafu baba ananigeukia mimi: "Mwambie mdogo wako chumvi iko hapa." Na yule, mwanaume mzima na ndevu zake, ananijibu mimi: "Mwambie baba nimeiona." Nilikuwa simu ya upepo ya nyumba ile, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Basi mwenyekiti wa jumuiya yetu akatangaza, baada ya misa, kwamba mtoto wetu ataonyesha kazi yake alasiri katika ukumbi wa parokia na wote tunakaribishwa. Akamtazama baba mbele ya watu. Baba hakuwa na pa kukimbilia. Mdogo wangu alinivuta pembeni. "Dada, sitaki anisifu. Nataka aitazame mpaka mwisho tu."

Hilo tu, anasema! Baba yetu huondoka. Harusini huondoka kabla ya keki, mkutanoni huondoka kabla ya mengineyo. Jambo likimchosha anachukua kofia yake na kwenda zake bila kuaga, na ukigeuka unakuta kiti tu. Kwa hiyo nilijipanga. Nilimkalisha safu ya mbele, katikati. Kulia kwake nikakaa mimi. Kushoto nikamweka mama mmoja wa jumuiya mwenye mwili wake hasa, ambaye akishakaa hainuki bila kusaidiwa. Madirisha tuliyaziba kwa vitenge vyangu vya dukani, na watu wakaanza kuulizana bei kabla filamu haijawashwa.

Ilipoanza, mzee yule akaonekana ukutani anamenya ndizi. Akamenya. Akamenya. Kwa muda watu walivumilia, wakidhani ni matangazo.

"Anamenya bila kupaka mafuta mikononi?" mama wa kushoto akasema. "Utomvu huo atalala nao."

"Huyo si Mhaya," akajibu mwingine nyuma. "Tazama anavyoshika kisu. Huyo amezoea kupasua samaki."

"Na ugali?" akauliza jirani yetu Msukuma. "Nyumba nzima hii hakuna hata unga?"

"Filamu ya Wahaya hiyo, ndugu yangu. Hata wakinyamaza wanajivuna."

Ukumbi ukacheka. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa nyuma ya kompyuta yake, akatazama sakafu. Nilimchungulia baba. Hakucheka, lakini kofia ilikuwa bado imetulia mapajani.

Kisha mzee wa kwenye filamu akaacha kumenya, akainua uso, akatutazama. Mdogo wangu aliwahi kunieleza kwamba sehemu ile inahusu upweke. Kwetu mzee akikutazama unamwamkia. Watoto wa mafundisho, waliokaa kwenye mkeka mbele, wakamwamkia wote kwa pamoja: "Shikamoo babu!"

"Marahaba!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya ukumbi.

Kuna mama alitaja jina la Bikira Maria kwa nguvu. Taa ikawashwa, na tukamwona mwigizaji mwenyewe, mzee muuza dagaa wa soko la Mwaloni kule Kirumba, ameketi karibu na mlango na shati lake la kanisani. Hakuona alichokosea. Ameamkiwa na watoto, angefanyaje? Ni mtu ambaye sauti yake akinadi dagaa inafika mpaka kwenye mitumbwi, na mdogo wangu, kati ya wazee wote wa Mwanza, alikuwa amemchagua huyo akae kimya saa mbili.

Taa ikazimwa, tukaendelea. Ikafika sehemu ya kijana kuondoka. Kijana amesimama uani na begi. Mzee anamtazama, anaingia ndani, anafunga mlango, anakwenda kitandani, analala akiwa ameuelekea ukuta. Sikuthubutu kugeuza shingo kulia wala kushoto. Baada ya hapo mzee anakula peke yake. Siku inayofuata anakula peke yake. Siku nyingine tena, ndizi, meza, kimya, inzi mmoja.

Hapo ndipo mwenyekiti wa jumuiya aliposimama, kivuli chake kikamfunika mzee pamoja na sahani.

"Mwanangu, simamisha hapo kwanza," alimwambia mdogo wangu.

"Kuna tatizo, mzee?"

"Tatizo lipo, tunaliona wote. Sisi jumuiya yetu hatujawahi kukaa tukitazama nyumba inaharibika. Kwa jina la Baba, na la Mwana..." Watu wakajikuta wameshapiga ishara ya msalaba, na kikao kikawa kimefunguliwa.

Mdogo wangu alijaribu kueleza kwamba ni filamu. "Tunajua ni filamu," mwenyekiti akasema kwa upole. "Lakini hata kwenye filamu mtu mzima hawezi kula peke yake namna hii na majirani wapo. Tuanze na nani?"

Walioona kosa ni la kijana walisema kijana hakuaga. Walioona kosa ni la mzee walisema mtoto haagi mlango uliofungwa. Mama mmoja alijitolea kumpelekea mzee wali na maharage, kwa sababu ndizi tupu zile zitamfunga tumbo. Mwingine akataka kujua mke wa mzee yuko wapi. Alipoambiwa filamu haisemi, akasema basi hapo ndipo penye siri. Mwishowe mwenyekiti akasema upande mmoja wa kesi uko hapa ukumbini, na uje mbele.

Muuza dagaa akaja, amekunja uso.

"Wewe mzee mzima, mwanao anaondoka na unamfungia mlango?"

"Mimi niliambiwa!" akafoka. "Nilitaka kusema. Nilimwambia kabisa, hapa mzazi lazima aseme kitu. Nikakatazwa. Nikafungua mdomo, tukarudia. Nikafungua tena, tukarudia tena. Mpaka jua likazama nafunga ule mlango tu."

"Nani alikukataza?"

Akanyoosha kidole kwa mdogo wangu. Ukumbi mzima ukageuka na viti vyake. Nilitamani kuvua kiatu nimtupie mtu, ila sikujua nianze na nani.

"Kumbe ni wewe," mwenyekiti akasema kwa huzuni ya kweli. "Kwa nini umzuie mzee kusema na mwanawe?"

Mdogo wangu alisimama. Angeweza kutaja mambo ya sanaa, na wangemwachia. Badala yake akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi. Pasiansi si mtaa mkubwa kiasi hicho, na kila mtu pale alijua nani alifunga mlango gani. Macho yakaja safu ya mbele. Baba akachukua kofia yake. Akasimama. Nikajua imekwisha, mama wa kushoto hatoshi, atapita hata juu yake. Niliumia kwa ajili ya mdogo wangu.

Baba akauelekea umati. "Filamu iendelee," akasema, akakaa.

Ikaendelea. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa; ni mama wa kushoto tu aliyekoroma kidogo, naye nilimsukuma. Mzee alipika ndizi nyingine na watu wakaziangalia zinaiva. Sijui ni woga wa baba au ni nini, lakini safari hii niliona kwamba mzee anatoa sahani mbili kabatini, kisha anairudisha moja. Sehemu hiyo niliikosa mara ile, macho yangu yakiwa kwenye sahani ya sato. Nililia, na nikakasirika kwa kulia.

Filamu ilipokwisha taa ikawashwa. Baba alikuwa bado yupo kitini. Akanigeukia.

"Mwambie mdogo wako amekosea mahali."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Yule pale. Mimi leo sipo kazini."

Baba akageuka pole pole kwenye kiti chake mpaka akamwona mwanawe.

"Umekosea mahali," akamwambia. "Nilifunga mlango, ndiyo. Lakini sikwenda kulala. Nilizunguka jikoni, nikatokea nyuma ya nyumba, nikapanda juu ya ndoo ili nione nje ya ukuta. Nilikuangalia mpaka ukakata kona. Zipu ya begi lako ilikuwa wazi, shati moja linaning'inia. Nikataka kukuita unifahamishe unapokwenda, na ndoo ikapasuka nikaanguka."

Ile ndoo! Nilisemwa mimi mwezi mzima kwa ajili ya ile ndoo.

Mdogo wangu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, ndevu zote zimelowa. "Sikujua, baba."

"Ungejuaje, nami nilikuwa chini?"

"Basi nitaiongeza. Nitapiga upya sehemu hiyo."

"Usiongeze!" ukumbi mzima ukapiga kelele, mwenyekiti akiwa wa kwanza. "Mwanangu, inatosha! Ni ndefu hiyo!"

"Aongeze," baba akasema. "Na ndoo aiweke."