Sahihi ya Mama wa Kombewa

Mwezi jana nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu usafiri wa umma. Kilifanyika katika hoteli moja Milimani, mtaa ambao matatu haziingii. Tulipokuwa tunamalizia soda, akaingia mama kutoka Kombewa, viatu mkononi, vumbi hadi magotini.

"Mama, muda wa maoni umeisha," afisa akamwambia kwa upole. "Lakini weka sahihi hapa, ijulikane ulikuja."

"Nimepanda gari mbili na boda, halafu nikatembea. Andika hiyo."

Afisa akaipitia fomu. "Hakuna mahali pa kuandika hiyo."

Mama akaweka sahihi, akapewa soda.

Juzi ripoti ilitoka. Inasema Kombewa ilishiriki na haikuwa na malalamiko. Ushahidi ni sahihi yake, chini ya yangu.