Mgomba Uliozaa Mara Mbili

Jumatano iliyopita, hapa Kitendaguro ninakofundisha darasa la nne, msichana mmoja alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, hapo umekosea." Wenzake hata hawakushtuka. Niliyeshtuka ni mimi. Nilisahihisha, nikamshukuru. Rafiki yangu, sisi tuliosoma Izigo tungezimia kabla ya kutamka maneno hayo.

Siku zile tulikwenda shule na ufagio na kidumu cha maji, tumbo limejaa ndizi na maharage ya jana. Darasani tulikaa sitini, tukitazamana visogo. Mwalimu akiandika, nasi tunaandika. Nyumbani nako bibi aliyenilea alisema mtoto hamkatizi mkubwa, nami nilimwamini kwa kila kitu.

Kisha akaja mwalimu mpya, binti mwembamba kutoka Singida, asiyejua neno la Kihaya. Siku ya somo la mimea akaandika ubaoni: "Mgomba huzaa kila mwaka kama mwembe." Mungu wangu! Kila mmoja wetu alikulia kibanjani, katikati ya migomba na mibuni. Tulijua mgomba ukishatoa mkungu mmoja hukatwa, chipukizi lake likafuata. Lakini sote sitini tulinakili vilevile, kwa mwandiko mzuri. Mvulana mmoja tu, nyuma kabisa, alicheka puani.

Mwalimu akageuka. "Mbona mnatazamana? Si kweli?"

Nilimwonea huruma, nikaona ataaibika. Nikasimama. "Ni kweli, mwalimu. Kwetu upo mmoja umezaa mara mbili."

Akafurahi mno. "Basi kesho tutakwenda wote kuuona."

Kesho yake tuliingia kibanjani kwetu kwa mstari mrefu, bibi akiwa anageuza kahawa mkekani. Mwalimu akapiga goti kumsalimu, akamweleza tulichofuata.

"Mwalimu waitu!" bibi akashangaa. "Mgomba wangu umezaa mara mbili? Nani kakuambia?"

Macho yote yakanigeukia. Nikisema kweli, namwumbua mwalimu na kujiumbua mwenyewe mbele ya bibi. Nikinyamaza, bibi ataonekana hajui shamba lake. "Bibi," nikasema, "mwalimu amekosea, na mimi nimedanganya."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Bibi akamwinamia mwalimu na kumwambia kitu ambacho sikukisikia. Mwalimu akakaa chini, palepale kwenye majani makavu, akatoa daftari. "Haya, nifundisheni."

Tulidhani tunategwa. Alisubiri mpaka yule wa kucheka puani akanyoosha kidole kwenye chipukizi na kusema neno, mwingine akaongeza, na mwishowe sote tukawa tunapiga kelele pamoja.

Tangu hapo madawati yaligeuzwa, tukatazamana usoni. Kabla hajaandika kitu alituuliza sisi tunajua nini. Wiki za kwanza wengine walilia wakiulizwa. Hakuwatandika. Aliwapanga wawili wawili wanong'onezane kwanza, ndipo waseme kwa sauti. Miaka yote nimewasimulia walimu wenzangu jinsi mwalimu yule mjanja alivyoandika kosa lile makusudi ili kututega, na mimi huwategea wanafunzi wangu makosa ubaoni hivyo hivyo. Ila la Jumatano halikuwa mtego, nilikosea kweli.

Basi Jumamosi nikaenda Kamachumu, alikoolewa mwalimu yule, nimshukuru kwa mtego wake. Aliacha kumenya ndizi, kisu mkononi.

"Mtego gani, mwanangu? Mimi nilikuwa sijui! Nimekulia kwenye mtama. Mlikuwa mkinicheka kila siku, wala hakuna aliyeniambia kitu. Barua ya kuomba uhamisho ilikuwa mkobani siku ile. Usingesema kweli, ningeipeleka."

Nikamwambia kwamba hata hivyo, lile la kukaa chini na kutuomba tumfundishe lilihitaji moyo.

Akacheka. "Lile si langu. Mimi nilitaka kukimbia. Bibi yako ndiye aliyeninong'oneza: kaa chini, waache watoto wakufundishe."

Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusoma hata darasa moja! Mpaka sasa siamini. Alishafariki, kibanja kile kimemalizwa na ugonjwa wa mnyauko wa migomba, pale siku hizi pana mihogo, na sina tena wa kumuuliza.