Ndege Iliyolia Ghalani

Mama Florida hakuwahi kukosa laini ya maombi ya simu. Chakula cha mchana alikikosa mara nyingi, kwa kuwa mtu hawezi kutafuna wali na kuita moto wa Mungu kwa kinywa kimoja. Ikifika saa sita, tulipopewa mapumziko kwenye ghala letu la Okolona, hapa Louisville, yeye alikaa karibu na mashine ya soda, akachomeka waya wa simu sikio moja chini ya kilemba, akapiga namba ya maombi. Upande wa pili walikuwa watu wa Columbus na wa Buffalo, Warundi na Wakongo, wakimbizi kama sisi, kila mmoja kwenye ghala au kiwanda chake, na wote wakitafuna polepole wakidhani hatuwasikii.

Jina lake hasa ni Veridiana. Alikulia kambini Tanzania, akaolewa kambini, akazaa kambini, akaimba kwaya kambini mpaka sauti ikakwaruza. Alipokuja Amerika na mumewe Sylveri, binti yao mkubwa, Florida, alibaki kambini Nyarugusu, kwa sababu alikuwa ameshaolewa na kesi yake ilihesabiwa peke yake. Baadaye mume wa Florida akafariki, naye Florida akabaki na mtoto mgongoni na ahadi ya kusafirishwa. Haja ya Veridiana ilikuwa hiyo tu, Florida apande ndege. Magoti yalimuuma mwaka mzima, lakini hakuyataja mbele za Mungu, asije akaonekana ana tamaa.

Mwaka huo wa 2016 Wamarekani walikuwa wakichagua rais, na kila mwenye televisheni aliamka na habari yake. Wakimbizi watafungiwa mlango. Hapana, watapunguzwa. Hapana, hata waliokwisha kuja watarudishwa. Nusu ya maneno hayo hatukuyaelewa, na nusu tuliyoyaelewa ilitutisha. Hofu ikishaingia kwenye nyumba za watu, manabii huota kama uyoga. Wa kwetu aliota Columbus.

Rudasingwa alianza kwenye laini akiwa ndugu Rudasingwa. Baridi haijaisha akawa mchungaji, majani yakichipua akawa mtume, na kufika kiangazi alikuwa nabii. Hata jeshini watu hawapandi vyeo hivyo. Kazi ya ghala hakuifanya siku hata moja. Alisema mikono iliyopakwa mafuta ya Bwana haishiki maboksi, na mkewe, aliyekuwa akiogesha wazee wa Kizungu, ndiye aliyeshika kila kilichobaki. Buffalo alikuwa na msaidizi, Mama Généreuse, Mkongo mwenye sauti nene, ambaye huduma yake ilikuwa kuona maono. Nabii akikwama, Généreuse aliona. Généreuse akikwama, Nabii alinena kwa lugha mpaka mapumziko yetu yakaisha.

Hawa wawili ndio waliomtabiria Veridiana kwamba Florida atatua Louisville kabla ya ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Veridiana alinunua kitanda, akakitandika shuka jipya, akatundika koti zito nyuma ya mlango na la mtoto pembeni yake. Sikukuu ikafika. Bata mzinga tulimla, mkavu kama kawaida yake, na Florida hakuonekana. Alipiga simu kutoka kambini akilia: vipimo vyake vya afya vimepitwa na muda, anatakiwa kuanza upya.

Mtu wa kawaida angeomba radhi. Nabii haombi radhi, kwa sababu unabii wa watu hawa haukosei, hukoseshwa. Alitakiwa apatikane mkosaji, na Mama Généreuse akamwona mara moja, kwenye laini, sote tukisikia.

"Bon, mama Florida, miye niko naona mwanaume. Iko ndani ya nyumba yako, iko nasali macho wazi. Donc ndege inakuya karibu, inamuona, inarudia."

Hakuna Mrundi wa Louisville asiyejua ni nani anayesali macho wazi. Sylveri alikuwa mzee wa kanisa, amefundisha wabatizwa kambini miaka na miaka, na tabia hiyo aliitoa huko huko, kwa sababu kambini ukifumba macho kuombea ugali, ukiyafumbua ugali una mwenyewe mwingine. Na sala yake ni fupi. "Bwana, Florida ni wako. Amina." Halafu anakula. Manabii hawampendi mtu anayemaliza shida yake kwa Mungu kwa sentensi moja, maana akienea huyo, wao watakula wapi?

Basi amri ikatoka. Veridiana aache nyumba hiyo, aache na kazi, aende Columbus kufunga na kuomba kwenye madhabahu, yaani sebuleni kwa Nabii, mpaka Florida atakapotua. Jumamosi angesafiri. Ijumaa Nabii angeitia safari muhuri hewani.

Nilimwambia Veridiana kwamba anaruka majivu na kukanyaga moto. Hakugombana nami. Alinijibu tu kwamba mimi wanangu ninao, nawapigia kelele jikoni kila jioni. Mumewe naye hakugombana. Aliponiletea habari hii Veridiana mwenyewe alikuwa na aibu kidogo: alimweleza mzee maono ya Buffalo, mzee akasikiliza yote, akauliza, "Mama Florida, nikifumba ndipo ndege itaona njia? Basi nitafumba." Na akafumba wiki nzima, kila chakula, akikaza kope kama mtoto anayesubiri kunyweshwa dawa. Begi la mkewe lilikuwa tayari limesimama mlangoni, chini ya lile koti.

Ijumaa ikafika. Nabii alianza kutia muhuri saa sita, na kwa kuwa hakuwahi kupigiwa kengele ya kurudi kazini, hakujua kumaliza. Mapumziko yakaisha. Veridiana akarudi mezani pake kufunga maboksi, simu mfukoni mwa aproni, waya sikioni, na kwa haraka akasahau kuzima maiki. Mimi nilikuwa meza ya pili, nami waya sikioni, maiki yangu nimeizima. Nyuma yake foklifti, ile mashine ya kubebea mizigo, ikaanza kurudi nyuma na kulia kama zinavyolia zote: biip, biip, biip. Niliisikia mara mbili, kwanza kwa sikio langu wazi, kisha kwa lile la simu.

Nabii akakatiza maombi katikati. Halafu akapaza sauti hadi waya ukanikwaruza sikio. Tusikilize, akasema. Mbingu imefunguka. Hii sauti tunayoisikia si ya dunia, ni tarumbeta ya malaika anayeongoza ndege ya Florida, na ndege inalia hivyo kwa sababu Veridiana ametii.

Amina zikamiminika kutoka miji mitatu. Ni mazoea tu, mdomo hutangulia. Kisha, mmoja mmoja, watu wakanyamaza, maana kwenye laini ile hapakuwa na mtu asiyeijua sauti hiyo. Tunaisikia kutwa, wengine tunaiota. Mtu mmoja tu miongoni mwetu hakuwahi kuisikia maishani mwake, na ndiye aliyekuwa akitufasiria.

Aliyesema ni Paluku wa Buffalo, Mkongo mpole ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona.

"Pardon, Nabii. Ile ni forklift, iko narudi nyuma. Miye niko napanda yenyewe kila siku."

Columbus mtu akapaliwa na chakula. Nabii akasema roho ya dhihaka imeingia kwenye laini, na simu ikakatika.

Veridiana alibaki amesimama, gundi ya karatasi imemng'ang'ania vidoleni. Nilitamani acheke, kwa sababu mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa glovu. Hakucheka.

"Yule hakuwa akimsikia Mungu," akasema. "Sasa mimi muda wote huu, nani alikuwa akinisikia?"

Kicheko changu kiliishia hapo. Nilifunga maboksi yangu na yake mpaka tukatoka.

Columbus hakwenda, na kanisani Jumapili hakwenda vilevile. Sylveri alikuja peke yake. Nilipomuuliza, alisema mama anapumzika, begi limerudi juu ya kabati. Nilidhani tumempoteza. Nabii alikuwa ameshafungua laini mpya na Mama Généreuse, namba nyingine, na nasikia huko mtu haruhusiwi kuingia mpaka aahidi kuzima maiki.

Jumatatu saa sita Veridiana alisimama mezani pake, hakwenda kwenye mashine ya soda. Akapiga namba ya zamani. Nikapiga na mimi. Laini haikuwa na mwenyewe. Zilisikika pumzi, vijiko, mtu akimeza. Watu walikuwa wamekuja na hapakuwa na wa kuwaambia lolote. Ndipo Veridiana akaanza.

"Mungu, ni mimi. Florida hajaja. Sijui kama atakuja, na kama ulinisikia hukuniambia. Nimekukasirikia. Lakini nikikuacha, nitamtaja kwa nani? Florida, na mtoto wake. Amina."

Nyuma yake foklifti ililia ikirudi nyuma, na miji mitatu yote hakuna aliyeifasiri. Paluku akanong'ona amina yake. Nilipoinua kichwa nilimwona Veridiana akisogea pembeni kuipisha. Alikuwa ameomba macho wazi.