Maganda ya Mgomba Mteremkoni

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu watu wakiteleza juu ya theluji, wakipenya katikati ya miti kwa kasi. Nikacheka, kwa sababu hata mimi niliwahi kupenya hivyo, utotoni, kule kijijini Nkoaranga, nikiwa nimekalia ganda la mgomba.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Shamba la bibi lilinukia udongo na maua ya kahawa. Bibi alikuwa juu kabisa mlimani, akiangusha migomba iliyokwisha kuzaa na kuibandua maganda yake mapana, yenye maji. Mimi na binamu yangu Neema tulikalia kila mmoja lake, tukashuka kati ya mibuni, shwaaa, matope yakituingia hadi puani, mpaka tukaligonga banda la ng'ombe.

"Bibi, nani ameshinda?" niliuliza kwa sauti.

"Neema," alijibu kutoka juu. "Lako limechanika. Yaacheni hapo hapo bandani, mje mchukue mengine."

Tulipanda na kushuka mpaka jua likazama. Niliamini hakuna bibi anayependa michezo kama wangu. Leo najua mgongo ulikuwa unamuuma, na chakula cha ng'ombe kilitakiwa kifike chini kabla ya giza.

Wale wa kwenye simu walifika chini, wakakumbatiana, mikono mitupu. Nikamuuliza mwanangu, "Sasa ng'ombe wao watakula nini?"