Bibi Aliyeikumbatia Maiki

Ilianza Ijumaa, saa nane na nusu mchana, kwenye chumba cha kurekodia cha mjomba hapa Bariadi. Saa naijua kwa sababu kompyuta inaandika kila wimbo ulianza kurekodiwa lini, na wa siku hiyo ndio uliokuwa wimbo wangu wa kwanza kuusimamia.

Mjomba, kaka yake mama, anarekodi kwaya. Tangu nilipokuwa kidato cha pili, kila likizo nipo kwake. Nimeviringisha nyaya, nimeshona magunia ya pamba tuliyoning'iniza ukutani ili sauti isirudirudi, nimekaa sakafuni nikitazama vidole vyake. Ila kwenye kiti chake, kile cha kuzunguka kilichokatika gurudumu moja, nilikuwa sijawahi kukaa kazi ikiendelea. Wiki hii akaniambia, "Hii kwaya ya Ngulyati nakuachia wewe. Ikitoka vizuri, kiti ni chako, na ukimaliza kidato cha nne utafanya kazi na mimi."

Wakaja wamebanana nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, sare zimewajaa vumbi.

Kuwapanga watu ndiyo kazi yenyewe. Maiki nzuri tunayo moja, kwa hiyo aliye karibu anasikika na aliye mbali anafifia. Mimi niliwapanga kama watu wanavyopangwa kwetu, wazee mbele. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza, mkubwa kuliko wote, nikamwekea na kiti, maiki ikawa puani kwake kabisa. Kumkalisha nyuma ya wasichana wa rika langu hata haikunijia kichwani.

Wakaimba. Mjomba akasikiliza, kisha akavua hedifoni akanivalisha mimi. Bibi alikuwa amejaa masikio yote mawili. Wengine walikuwa kama wanaimba ng'ambo ya mto.

"Hii ni kwaya au ni bibi na majirani zake?" mjomba akauliza kwa sauti ya chini. "Nenda kamwambie arudi nyuma."

Nikaenda. Nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Si ulishaniamkia?"

"Ndiyo bibi. Samahani." Nikakwama hapo. Akanitazama, akafikiri nimekuja kumuuliza kama ana kiu. Nikamletea maji. Akayanywa akiwa palepale, pua kwenye maiki.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameingia na bakuli la mjomba la michembe, viazi vikavu vilivyopikwa na karanga. Yuko kidato cha kwanza. Hajui waya upi unaingia wapi na hajawahi kutaka kujua. Aliangalia mara moja tu, akaweka bakuli chini.

"Mke mwenzangu," akamwambia bibi, akiionyesha maiki, "huyo mume si wetu wote? Mbona umemkumbatia peke yako? Rudi nyuma na sisi tumwone."

Chumba kizima kikalipuka. Bibi naye akacheka, akamnyooshea kidole. "Wewe katoto, babu yako akuoe na ugali wako wa mabuja, madonge ya unga mbichi?" Huku anasema, ameshanyanyuka, amebeba kiti mwenyewe, amekaa nyuma karibu na besi.

Wakarudia. Safari hii niliisikia kwaya.

Yaani nilimwonea wivu mdogo wangu. Bibi yule ni bibi yangu kama alivyo wake. Kumtania mke mwenza hata mimi nina haki hiyo, hakuna aliyeninyima, ila utani hautoki tu mdomoni. Mimi nimeshona yale magunia. Yeye kaleta michembe.

Walipoondoka mjomba akasema, "Kesho saa tatu wanarudi kumalizia wimbo wa pili. Huyu naye aje, anajua kukaa na watu." Kuhusu kiti hakusema, na mimi sikuuliza. Mdogo wangu alikuwa amekikalia, anazunguka, anakomba bakuli.

"Kumbe kinazunguka hiki, dada."

Jioni alimsimulia mama yote, na sauti ya bibi akaiiga. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Haka katoto kataongea na mawe," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe mbona kimya, unaumwa?"

"Siumwi."

Tunalala kitanda kimoja. Aliniomba nimwamshe asubuhi.

Sikumwamsha. Nilivaa viatu nje, nikaenda kwa mjomba, nikamkuta anakunywa chai. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma, nikaomba ufunguo wa chumba cha kurekodia. "Mapema yote hii?" akauliza, akanipa.

Kiti cha bibi nikakirudisha mbele kabisa, mahali pa heshima yake. Halafu nikapanda juu ya kreti la soda, nikaifunga maiki kwa kamba kwenye mti wa paa, juu ya vichwa vya watu, uso wake ukitazama mstari wa nyuma. Maiki ile inasikia zaidi kule inakotazama. Nikaimba kidogo nikiwa mbele, nikaimba kidogo nikiwa nyuma, nikasikiliza, nikashusha kamba, nikasikiliza tena. Sikuhitaji kumwambia mtu yeyote neno.

Kwaya ilipoingia, bibi alikaa mbele, akaitafuta maiki puani kwake.

"Mume wetu mmempeleka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, na tamu tu. Halikutoka. Nikaonyesha juu kwa kidole. Akatazama juu, akaguna, wenzake wakacheka.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Nikaenda kukaa kwenye kiti, nikavaa hedifoni. Hapo ndipo mdogo wangu alipotokea nyuma yake anahema, hajachana nywele.

"Dada, hukuniamsha."

Nikanyanyua mkono juu, kama mjomba anavyofanya kunyamazisha watu. Wakanyamaza wote, na yeye. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.