Petro wa Ubaoni

Juzi niliondoka Kalemie asubuhi bila mpango, treni ikanishusha Kongolo. Katika shule ya misheni niliona ubao wa washindi wa mashindano ya zamani ya shule: "Petro, mbio ndefu." Petro huyo ni mimi.

Mchana ule wa mashindano, nikiwa bado mwanafunzi hapo, uwanja ulinuka majani mabichi. Mashindano yalipokea waliobatizwa tu, kwa hiyo mwalimu alininong'oneza, "Leo unaitwa Petro." Mimi Saidi, mtoto wa Waislamu, nikadhani ni kama namba ya mgongoni. Nilishinda. Padri alipolitangaza jina hilo, Papa, baba yangu, akaacha kupiga makofi.

"Walikubatiza?"

"Hapana, Papa! Petro njo jina la kukimbilia tu!"

Hakuniamini. Sikurudi darasani tena.

Jioni ya juzi, baada ya kuuona ubao, nilipata chumba cha kulala. Mama mwenye nyumba akauliza jina.

"Saidi," nilisema. Petro nilimwacha shuleni.